Mkate wa Jua na Jicho la Mama Shukri

Jumapili, 3 Novemba
Madam Nermin wa meli za watalii kapita. Anatafuta nyumba moja ya kuleta Waingereza wake msimu mzima, wajaribu wenyewe kukanda mkate wa jua. Ni mimi au jirani yangu Mama Shukri. Atachagua Alhamisi. Tangu mwanangu Wagdi aende Kuwait, uani kwangu wanapita kuku tu. Naitaka hii. Mama Shukri kasema Kiingereza sina, wageni nitawaita ki-ki-ki kama kuku hao hao. Haya.

Jumatatu
Nimekwenda kwa Ustadhi Rifaat, anayesomesha Kiingereza. Nikamwambia nataka neno la kujaribu, basi. Kaniuliza lipi, yako tele. Nimestaajabu! Sisi tunajaribu, kwisha. Wenzetu jaribio wanalitengeneza kama kiti. Au wanalitoa kama zawadi. Au wanalipiga kama risasi. Na kila neno limeozeshwa na mwenzake, ukiwabadilisha wanakucheka. La kukaribisha mgeni mezani ni "hev a go". Nimelirudia njia nzima. Punda wa watu kageuka kuniangalia.

Jumanne
Nikarudi kuuliza, na aliyejaribu akaharibu, anaambiwaje? Ustadhi kasema "guud trai". Yaani kaharibu, na wanamsifu. Ikabidi nikae kitako. Watu gani hawa? Jioni nimemwambia Baba Wagdi guud trai kwa ule mfereji aliotengeneza, unaovuja bado. Kaniuliza kama namtukania mama yake.

Jumatano
Mama Shukri kaja kuomba chumvi. Kayatazama madonge yangu kwenye visahani vya udongo, yanaumuka juani, mashavu ya mtoto. Kasema mazuri. Mashaallah hakusema. Mara ya mwisho alisifu friji langu, na friji lile sasa naweka viatu. Kesho sitaki mchezo. Najua la kufanya.

Alhamisi, 7 Novemba
Alfajiri nimepanga madonge juu ya paa, nikayafunika blanketi zito la sufu, gubigubi. Mama Shukri kachungulia kutoka kwake, hakuona kitu. Nikacheka peke yangu.
Wageni wakaja. Nikasema hev a go. Wallahi wakaelewa! Wote mikono ndani ya unga, hata mzee mmoja wa fimbo. Uani kumejaa watu na vicheko, Madam Nermin kinywa wazi. Nikapanda kufunua blanketi. Madonge yamelala bapa kama nilivyoyaacha. Nikayaoka hivyo hivyo. Yakatoka soli za viatu. Yule mzee kang'ata, kashika taya, kaniangalia kwa huruma, kasema guud trai. Kwa kinywa chake, mimi! Machozi yalinitoka.
Halafu wakahamia kwa Mama Shukri. Yake yalikaa wazi juani asubuhi nzima, yamevimba hayo. Madam Nermin kachagua kule. Mimi kaniambia labda mwakani.

Ijumaa
Kuku wamerudi uani. Baba Wagdi kaniuliza, mwanamke, mkate wa jua unaufichaje jua? Nimemwambia anyamaze, haya mambo hayajui. Mimi nawaza jicho la yule mwanamke. Limepenya sufu nzito, limefika mpaka chini kwenye unga. Jicho gani hilo, Mola wangu?
Nimempigia Wagdi simu Kuwait. Akija likizo aniletee turubai la lori. Mwakani natanguliza turubai, juu yake blanketi.