Kesi ya Ndama Mwenye Baka

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, leo nimejianika hadharani, na waya wa kunianikia nilikwenda nao mwenyewe.

Nianze na shemeji yangu Bashir, aliyemwoa dada yangu Amina. Ni mtu mpole. (Ubaya wake ni huo. Ukigombana naye, mkorofi unaonekana wewe.) Walipopata mtoto wa kiume walimpa jina langu, Adan. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ngamia wake wa kitovu, awe mwanzo wa kundi lake. Mimi mjomba ndiye niliyemtoa. Wakati ule nilikuwa na ndama wawili majike katika kundi la Bashir kule Hulugho. Mmoja alikuwa kahawia mwili mzima, mwingine ana baka jeupe usoni. Nikampa mtoto mmoja, nikabaki na mmoja. Baadaye ukame ukamuua yule wa kahawia.

Yule wa baka sasa ni ngamia kamili, tena ana mimba. Leo asubuhi nikaenda kwa Bashir, hapa Garissa mjini, kumwambia namtaka ngamia wangu.

"Wako yupi?" akauliza. "Wako alikufa. Huyu ni wa mtoto."

"Aliyekufa ndiye wa mtoto! Nilimpa wa kahawia!"

Amina akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Walaal, ndugu yangu, utamdhulumu mtoto mwenye jina lako?"

Kudhulumu! Mimi! Hapo nikatoa maneno ambayo sasa natamani kuyameza: "Siku ile nilipiga picha, na zimo kwenye simu yangu. Twendeni zikaamue."

Shida ni kwamba kioo cha simu nilikikalia, sasa kinaonyesha mistari ya kijani tu. Tukaenda wote watatu kwenye saiba ya Hodan, karibu na soko la mifugo, picha zitazamwe kwenye kompyuta. Njiani nikawaita wazee wa sokoni waje kuwa mashahidi. (Hakuna aliyeniomba.)

Hodan akachomeka waya, folda ikafunguka. Tukaona visanduku vyeupe vitupu, safu juu ya safu.

"Hizi ndizo picha?" mzee mmoja akauliza. "Mbona naona ukuta wa bafu?"

"Zinakuja, Adeer," Hodan akasema. (Kila mwanamume aliyemzidi umri humwita Adeer, yaani ami.) "Ni nyingi, na kompyuta yangu imezeeka. Msiibofye, tafadhali. Tungojeni."

Zikaja moja moja. Kidole changu. Ndani ya mfuko wa kanzu. Kidole tena. Kisha ndevu zangu, siku niliyozitia hina: kwa mbele, kwa kushoto, kwa kulia, kwa chini. Katika moja nimebinua midomo. (Sijui nilikuwa nampigia nani.)

"Na huyu ni ngamia yupi?" Bashir akauliza kwa upole wake.

Wazee wakacheka mpaka bakora zikawaanguka. Mimi wala sikutikisika. Haki ilikuwa upande wangu, nitikisike kwa nini?

Mwishowe siku yenyewe ikafika. Kisanduku kikajaa rangi taratibu. Nilikuwa nimempakata mtoto mchanga kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kamba. Mwisho wa kamba, ndama. Usoni mwa ndama, baka jeupe kama maziwa.

Amina akanigeukia. Jicho lile la Amina nalijua tangu tukiwa watoto.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Alikuwa anapita tu," nikasema.

"Anapita huku umemshika kamba?"

"Kuna video hapo pembeni! Video itaeleza yote!"

Nikampokonya Hodan kipanya, nikabofya. Hakuna kitu. Nikabofya tena. Hakuna kitu. Nikabofya kama mtu anayeua siafu.

"Adeer, acha! Inasikia zote, ni vile tu inachelewa kujibu!"

Ikajibu. Video ikafunguka, ya pili ikafunguka juu yake, na nyingine, na nyingine, kila moja ikianza nyuma kidogo ya mwenzake. Sauti yangu ikatoka kwenye spika hadi barabarani: "Adan mdogo, huyu mwenye baka ni wako! Wa kahawia ni wangu! Mashahidi wasikie!" Wasikie! Wasikie! Wako! Wangu! Wasikie!

Soko likahamia mlangoni. Mama mmoja muuza maziwa akauliza kama kuna mhadhara. Hodan alikuwa akifunga dirisha moja, la chini yake bado linatangaza.

Zilipokwisha kunyamaza nikasimama, nikasema, "Nimekosa. Ngamia ni wa mtoto. Niliposikia mmoja amekufa, nilimchagulia mtoto yule aliyekufa, kisha nikaamini hivyo mwenyewe. Amina, nisamehe."

Amina akanitazama, akaangalia dirisha la mwisho lililobaki wazi, uso wangu umeganda mdomo wazi. "Nimekusamehe. Lakini Adan akirudi kutoka madrasa, utamweleza wewe. Mara moja inatosha."

"Usijali, shemeji," Bashir akaongeza. "Ngamia akizaa, tutakuletea maziwa."

(Afadhali angenitukana.)

Najua mtacheka. Ombi langu ni dogo: mcheke kama zilivyokuja picha zangu, mmoja mmoja tena polepole. Kelele za wengi kwa pamoja zimenitosha leo.