Ombi la Kufuta Neno "Hie" Kabla ya Krismasi

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Kamusi ya Kimanksi, Peel.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi, na samahani kwa usumbufu. Naiomba kamati yako ilifute neno "hie" katika lugha yetu ya kisiwa hiki, au angalau ilibadilishe maana kabla ya Krismasi.

Mume wangu Detlef, fundi saa, Mjerumani mpole, amechonga kibao cha mwaloni na kukitundika mlangoni mwa karakana: HIE. Kwao ni neno la kale, maana yake "hapa". Kwetu, kama ujuavyo, ni "alikwenda". Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu mfufue lugha, kila mtu anajua kuisoma. Wateja wanafika, wanasoma kwamba fundi kaenda, wanarudi. Wewe mwenyewe Jumanne ulisimama pale na saa ya ukutani kwapani, ukamwambia mkeo, "Kaenda tena huyu. Mjerumani gani hakai kazini?" Detlef alikuwa ndani, hatua tatu kutoka kwako.

2. Bi Faragher wa duka la samaki ameniletea mkate wa zabibu, akidhani nimeachwa. "Pole mwanangu, wanaume wa bara ndivyo walivyo." Mkate niliula, lakini aibu niliipata.

3. Neno letu ni jamaa wa lile la Waayalandi, ambalo lina herufi nyingi kuliko linavyohitaji. Liazimeni hilo.

4. Mkikataa, basi itangazwe kisheria kwamba yeyote aliyekwenda yupo hapa. Hata makaburini itapunguza majonzi.

Mwenyekiti, mtu wa watu anashinda peke yake na saa arobaini zinazogonga. Nikimchungulia dirishani roho inaniuma. Naogopa ataamini kisiwa kizima hakimtaki, afunge virago arudi Bremen.

Wasalimie wajumbe wote, mkeo, na yule paka wenu asiye na mkia.

Wako mtiifu,
Breeshey Skillicorn

Tanbihi: Nimempelekea Detlef barua hii aitie sahihi. Amecheka mpaka akavua miwani. Kumbe mwaka wa pili huu anahudhuria darasa lenu la Kimanksi kila Alhamisi, mimi nikijua yuko kwaya. "Mke wangu," akasema, "watu wa hapa hawaleti saa, wanaleta maongezi. Kibao hicho ndicho kilichoniokoa." Basi neno liacheni lilivyo. Kibao nimekihamishia mlango wa jikoni. Chakula chake cha jioni kilikuwa samaki wa heringi na viazi. Hie, kwa Kimanksi.