Jinsi Melkiori wa Ilongero Alivyoushinda Ukungu wa Miwani katika Zizi la Mkiwa

Enyi wenye masikio, nanyi ambao masikio yenu yamechubuliwa na kamba za barakoa, sogeeni karibu. Zimeni redio, wekeni majembe chini, na yule anayesonga ugali na auepue kwanza, maana habari hii haisikilizwi na mtu anayeunguza chakula. Mmekwisha kusimuliwa vita vya wafalme waliovuka mito na kubomoa ngome, mkasimuliwa mpaka ngome zenyewe zikachosha. Lakini ni nani aliyewahi kuwasimulia siku ambayo mzee mmoja wa Ilongero, katika nchi ya Singida, alisimama zizini kwa watu akiwa amevaa barakoa na miwani kwa pamoja, na bado akaona? Hakuna. Wenye kuandika historia walikuwa na shughuli nyingine siku hiyo, kazi ikatuangukia sisi.

Jina lake ni Melkiori. Melkiori Mpima Pembe, Melkiori Mfungua Vinywa vya Ng'ombe, mjomba wa mabibi harusi wasiohesabika. Katika ukoo wake ni mjomba anayetangulia kwenda kwa wakwe kukagua ng'ombe wa mahari, naye akishatamka kwamba ng'ombe amepokelewa, basi amepokelewa. Neno hilo halirudi nyuma, hata ng'ombe akianguka njiani kwa uzee kabla ya kufika kwa mwenyewe. Kwa miaka mingi neno la Melkiori halikupata kuaibika. Ila macho yake yalizeeka kabla ya heshima yake, kama ilivyo kawaida ya macho, na sasa alivaa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha glasi. Bila miwani hiyo, ng'ombe na kichuguu kwake vilikuwa ndugu.

Ulikuwa mwaka wa Korona, na mwanzoni mwa mwaka huo kifua kilimwangusha shujaa wetu, akalazwa, akapumua kwa mashine. Aliyekaa kando ya kitanda chake akiisikiliza pumzi ile ikipanda na kushuka alikuwa Dorkas, binti wa dada yake Kristina, muuguzi wa zahanati, na ndiye huyo huyo aliyekuwa anaolewa. Siku moja kabla ya safari ya kwenda kukagua ng'ombe, Dorkas alimjia mjomba wake na maneno machache.

"Mjomba, mimi nimekusikia ukihema kwa mashine. Sitaki kusikia tena. Ukienda kwenye watu bila barakoa, hiyo harusi wataolewa wenyewe."

Mzee akainuka kwenye kigoda, akanyoosha mkono juu kama mtu anayeapishwa kushika nchi. "Ewe binti wa dada yangu, uliyenilinda nilipokuwa mnyonge! Naapa mbele ya ng'ombe wangu wote, walio hai na walioliwa, kwamba barakoa haitashuka puani mwangu ila kwa kula na kunywa, na hata hapo nitawapa watu kisogo!"

"Haya, mjomba. Shikamoo," Dorkas akasema, akaenda zake kwa sababu alikuwa na zamu. Lakini alikuwa anafuta machozi, na mzee aliyaona.

Palipopambazuka, msafara ukakusanyika uani. Festo, mtoto wa mdogo wake Melkiori, mwenye duka la dawa pale Ilongero, alileta boksi la barakoa, akamkabidhi mkubwa wa msafara ya kwanza. Melkiori akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma, na kwa utulivu wa mtu ambaye hajapata kuuliza njia tangu azaliwe, akaivaa miguu juu kichwa chini. Kile kiwaya chembamba, kilichotengenezwa kwa ajili ya kubanwa puani, kikakaa chini ya kidevu, mahali ambapo hakikuwa na kazi wala mshahara. Huku juu barakoa ikabaki wazi kama mlango wa duka, na pumzi yote ya shujaa haikuwa na njia nyingine ila kupanda moja kwa moja kwenye miwani.

Festo aliona. Festo ndiye aliyewafundisha nusu ya watu wa Ilongero kuvaa barakoa, akitumia pua yake mwenyewe kama kielelezo. Akafungua kinywa. Kisha akakumbuka kwamba mtu aliye mbele yake ndiye ambaye yeye Festo humwamkia shikamoo kila asubuhi tangu alipoanza kusema, na ya kwamba hakuna namna ya heshima ya kumwambia baba yako mkubwa, mbele ya wazee wenzake, kwamba amejivika kinyume. Akakifunga kinywa. Na hapa ndipo, enyi wasikilizaji, mtauona ukuu wa malezi mema: Festo aliivua ya kwake, iliyokuwa sawasawa, akaigeuza, akaivaa kinyume. Wazee wakatazamana, nao wakageuza. Kristina, dada mdogo wa shujaa na mama wa bibi harusi, akashusha pumzi, akageuza pia. Jeshi zima likapanda gari la Noah la kukodi likiwa limevaa viwaya videvuni, kwa nidhamu ambayo majemadari wengi hufa bila kuiona.

Safari ilikuwa ndefu, nasi tutaifupisha, maana shujaa mwenyewe hakuona hata nusu yake. Ilikuwa Julai, upepo wa baridi ule unaowafanya mbuzi wa Singida wasimame migongo imejikunja, na kila Melkiori alipotoa pumzi, wingu liliinuka kutoka mashavuni likatanda juu ya vioo. Alipofuta, liliondoka. Alipopumua, lilirudi. Alifuta kwa leso, akafuta kwa kola, akafuta kwa kanga ya dada yake. Akajaribu kutopumua, na kwa kitambo kifupi aliiona dunia nzuri sana, kisha kifua kikadai haki yake. Walipofika Mkiwa, adui alikuwa ameshika vilima vyote viwili, cha kushoto na cha kulia.

Kwenye boma la wakwe aliwapokea Gasto, mshenga wa upande wa bwana harusi, mwanamume mwenye ulimi wa asali na mikono yenye mafuta ya alizeti. Sababu ya mafuta hayo itajulikana punde.

"Karibuni, wakwe zetu! Karibuni, milima iliyotembea! Mioyo yetu imekuwa ikichungulia barabarani tangu alfajiri!"

Melkiori hakutaka kuchelewesha vita. Alipiga hatua, akanyoosha fimbo kwenye kivuli kikubwa kilichokuwa kando ya ua, na kwa sauti ya kukumbukwa akatamka: "Tazameni mgongo huu! Mnyoofu, mpana, haukulala njaa hata siku moja! Aliyemlea huyu ni mtu anayejua kazi!"

Kivuli kile kilikuwa pikipiki iliyofunikwa turubai.

"Baba," Festo akasema taratibu, "huyo bado hajatolewa zizini."

Huo ndio uongo wa adabu kuliko wote uliopata kusemwa Mkiwa. Lakini Gasto hakuwa mtoto. Aliitazama ile miwani, akaona vioo vyeupe pepe, akaelewa. Akanong'ona na vijana wa zizi, nao wakauharakisha mpango walioupanga tangu alfajiri. Ng'ombe wengine wa mahari walipitishwa haraka haraka, nao walikuwa wazuri, kila mtu alikiri, hata Melkiori alikiri kwa kusikiliza kwato. Kisha akaletwa wa mwisho, ng'ombe wa mama.

Hapa lazima tuache mzaha kidogo. Ng'ombe wa mama si wa kuhesabika tu. Ni wa Kristina, shukrani kwa tumbo lililomzaa Dorkas, na Kristina alikuwa mjane ambaye ng'ombe wake wa mwisho alikufa kiangazi kilichopita. Tangu hapo alikuwa anakunywa chai ya rangi na kusema anaipenda. Alimwendea kaka yake na kumshika kiwiko.

"Kaka, unamwona?"

"Namwona," akasema Melkiori, ambaye alikuwa anaona uji.

"Kaka, usiniambie hivyo kama huoni. Sina maziwa hata ya kumpa mgeni. Kama huoni, mwachie Festo akague."

Lo! Maneno gani hayo kwa Mpima Pembe! Mjomba akabidhi fimbo kwa mwana, mbele ya wakwe, akiwa mzima na amesimama kwa miguu yake! Wazo moja likamjia, la mkato kama lilivyo wazo lolote la shetani: vuta barakoa chini ya kidevu, mara moja tu, tazama, kisha upandishe. Nani angejua? Dorkas alikuwa Ilongero. Mkono wake ukapanda mpaka shavuni. Kisha akakumbuka ile sauti ya mashine usiku, na mtoto yule kwenye kiti cha plastiki, kalala ameshika blanketi la mjomba wake ili asipotee bila yeye kuamka. Mkono ukashuka. Aliogopa aibu, ndiyo, lakini alimpenda mtoto yule kuliko alivyoiogopa aibu.

Gasto akaona mlango uko wazi, akaingia. "Mheshimiwa mjomba! Mtamba huyu ni nuru ya zizi letu! Tazama ngozi inavyong'aa! Hajapata kuzaa hata mara moja, maziwa yote yako njiani yanakuja! Tamka tu neno, mzee wetu, tukale."

Wazee wakainamisha vichwa. Festo akaitazama pua ya baba yake mkubwa kwa uchungu wa mtu anayeitazama nyumba ikiungua akiwa na ndoo ya maji mkononi, lakini hajakaribishwa ndani.

Ndipo Melkiori, akitafuta muda kama jemadari yeyote aliyezingirwa, akanguruma: "Tangu lini mkaguzi akakagua na koo kavu? Nipeni togwa kwanza!"

Togwa ikaletwa kwenye kibuyu. Mzee, mtu wa kiapo, akawapa watu wote kisogo, akaugeukia ua wa miiba. Kwa kuwa kamba za barakoa na mikono ya miwani vilikuwa vimesokotana nyuma ya masikio kama mizizi, ilimbidi avue vyote pamoja. Akanywa akiwa kipofu. Akanywa tena, kwa kuwa togwa ilikuwa nzuri na kwa kuwa hakuwa na haraka ya kufedheheka. Kisha akaivaa barakoa kwa kupapasa, na mikono yake, ambayo safari hii haikuongozwa na hekima yake, ikaivaa sawasawa.

Kitu kigumu kikamchoma puani. "Nini tena hiki?" akafoka, akakibana kwa vidole viwili kwa hasira ya siku nzima. Kikatii. Kikajikunja, kikalala juu ya mfupa wa pua kama kilichoumbwa naye. Akaiweka miwani juu ya barakoa, akapumua, akangoja wingu.

Wingu halikuja.

Akapumua tena, kwa nguvu, kama anayemtukana adui mlangoni pake. Vioo vikabaki angavu kama maji ya kisima. Kwanza aliuona mwiba mmoja wa ua, na ncha yake. Kisha akamwona mdudu juu ya mwiba. Halafu akageuka, polepole sana, na Gasto akaacha kutabasamu.

"Mtamba?" akasema Melkiori. "Mtamba, Gasto mwana wa watu? Mbona pembe zake zina pete nyingi kuliko vidole vya bibi harusi wa mjini? Kila ndama ameacha pete yake pale! Na ngozi hii inayong'aa inadondosha mafuta kwenye kwato! Mmempaka alizeti, nzi wenyewe wanateleza!" Akamsogelea ng'ombe, akamfungua kinywa kwa mkono mmoja. "Na huyu hana meno. Huyu, wakwe zangu, si ng'ombe wa mama. Huyu ni bibi yake mama!"

Boma zima likalipuka kwa kicheko, wakwe wakitangulia, maana hata wao walikuwa wamechoshwa na Gasto. Mshenga akafuta mikono yake kwenye suruali, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, shikamoo. Tulikuwa tunakupima tu."

"Marahaba. Mmeshanipima. Leteni mtamba."

Akaletwa mtamba mwekundu mwenye mimba, pembe laini, meno mazima, na Melkiori akatamka neno lililongojwa: "Amepokelewa." Kristina akaitupa kanga yake juu ya mgongo wa ng'ombe yule, akalia hadharani bila kujificha.

Na Festo? Festo aliitazama barakoa ya baba yake mkubwa, sasa ikiwa imesimama kwa miguu yake. Akaivua ya kwake, akaigeuza, akabana kiwaya. Wazee wakaona, wakageuza wote kwa pamoja, bila neno, kwa uso wa watu wanaotekeleza amri ya siku nyingi.

Usiku ule Ilongero, Dorkas alipokwisha kusimuliwa, aliuliza mbele ya wote: "Ina maana mlimwona tangu asubuhi, mkanyamaza?"

"Dada," Festo akajibu, "wewe ungeanzaje?"

Dorkas akafikiri, akafungua kinywa, akakifunga. Melkiori ndiye aliyeukata mjadala. Alisimama, akaeleza kwa kirefu kwamba alikuwa ameivaa vile makusudi tangu alfajiri, ili adui ajisahau, na kwamba siri yote ya ushindi ilikuwa kwenye togwa. Hakuna aliyembishia. Wangeanzaje?

Hivyo ndivyo historia ilivyopokelewa, na historia ikishapokelewa, kama ng'ombe, hairudishwi. Mpaka leo, wazee wa Ilongero wenye miwani wanapokuja zahanati na kukohoa kwao, huingia wameivaa barakoa miguu juu kichwa chini, kichupa cha togwa kikiwa mfukoni mwa koti. Huketi kwenye benchi, huwapa watu kisogo, hunywa, huigeuza, hubana kiwaya, na kutazama huku na huku kwa macho ya mashujaa. Dorkas huwaamkia shikamoo kila mmoja, kisha anakaa pembeni na kusubiri wamalize kunywa.