Nyuki Ndani ya Mandolini

Kisilu alikuwa Soko la Burma akisubiri mtu amnunulie nyama, kazi aliyoifanya kwa uvumilivu mkubwa, alipomsikia Bwire akilalamika. Bwire ana bendi ya harusi na mabega ya kuziba mlango. Alikuwa akitafuta mandolini ya zile zenye sahani ya bati tumboni, bati jembamba kama la sufuria, ambayo sauti yake hupanda juu ya vigelegele bila kuhitaji umeme.

"Bei si shida," Bwire akasema.

Maneno hayo matatu yalimshibisha Kisilu kuliko mbavu za mbuzi. "Buda, hiyo ninayo," akasema. "Jioni utaishika mkononi."

Nyumbani kwa Kisilu hapakuwa na mandolini. Palikuwa na godoro. Mandolini aliyoifikiria ilitundikwa ukutani kwa Mishi, fundi wa nguo kule Njiru, na Kisilu aliwahi kuiona kupitia dirishani akaiweka akilini. Sasa, Bwire alimjua Kisilu tangu utotoni, kwa hivyo hakumwamini hata chembe. Alitaka ufunguo wa pikipiki ya Kisilu uwe dhamana: jioni ikifika bila mandolini, pikipiki inabaki kwa Bwire. Kisilu akautoa, huku roho ikimuuma. Pikipiki hiyo ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa halali, na aliipenda kama wengine wanavyopenda watoto wao.

Aliingia dukani kwa Mishi akiwa na koti, na shingoni kifaa cha madaktari cha kusikilizia kifua.

"Karibu, kaka. Nimwite nani?"

"Daktari Mbaluka. Natibu ala za muziki."

"Kumbe nazo huugua?"

"Mama, nyingi hufa kwa kupuuzwa," Kisilu akasema kwa huzuni, na macho yake yakaupata ukuta kana kwamba kwa bahati. "Hata ile pale naiona haina raha."

"Ya marehemu baba, Mzee Abdurahim. Alikuwa akipigia taarabu. Sisi aliotuacha hatuna vidole." Mishi akaitungua, akaifuta vumbi kwa kanga.

Kisilu alikaza nyuzi moja moja. Akaigonga sahani kwa kifundo cha kidole, akaiwekea kifaa chake, akafumba macho, akapiga. Sauti ikatoka kali na tamu, ikajaza duka, ikavuka barabara, wala haikuwa na haraka ya kuisha. Kisilu alijua sauti. Tumpe haki yake hapo. Moyo ulimruka. Uso aliukunja kama mtu aliyetafuna mwarobaini.

"Nasikia kitu," akanong'ona. "Nisaidie maji ya kunywa, niipime tena."

Mishi alipoingia nyuma ya pazia, Daktari akachota vifungo viwili vya shaba kwenye kopo la vifungo mezani, akavipenyeza katika matundu ya ile sahani. Mishi aliporudi, akaipiga tena. Zzzzz, ikasema mandolini.

"Umesikia? Kifua hicho. Imeoza ndani. Nitakuondolea mzigo kwa bei ya bati, nitoe vipuri."

Mishi aliinama akasikiliza. Akaitazama mandolini, akalitazama kopo lake la vifungo.

Pengine mambo yangeishia hapo, kama Kavinya asingetokea mlangoni. Huyu ndiye kiongozi wa akina mama wachezaji wa Komarock, na alikuja kuchukua sare zao. Hakusalimia mtu. Mabega yake yalikuwa yameshaanza kucheza.

"Ngai! Hiyo ina nyuki ndani! Piga tena, piga!"

"Mama, ni mgonjwa..."

"Mgonjwa ni wewe. Babu yangu alikuwa na mizinga kule Kitui. Mzinga ukijaa asali huimba hivyo hivyo. Sauti laini ni ya kulaza watoto. Hii ni ya kucheza!"

Kisilu akapiga, kwa kuwa daktari hawezi kukataa kupima. Kavinya akainua simu kwa mkono mmoja akajirekodi anavyotikisa mabega, akawatumia wenzake. Kisilu, kwa desturi ya kazi yake, aliuficha uso nyuma ya gauni lililotundikwa.

"Mishi, hii tunainunua sisi," Kavinya akasema. "Chama kizima kitachanga."

"Mimi ndiye nilitangulia!" Kisilu akapaza sauti.

"Lakini Daktari, wewe ulitaka bati tu," Mishi akasema kwa upole, akakaa vizuri kitini.

Hapo ndipo mnada ulipoanza. Kavinya akitaja bei, Kisilu anaiona pikipiki yake ikipakia mabega ya Bwire, anapandisha. Kavinya anapanda, yeye anapanda zaidi. Alipomaliza kupanda, simu yake haikuwa na hata senti, na koti na kile kifaa cha shingoni vilikuwa vimebaki kwa Mishi. Mandolini alikuwa nayo.

Alirudi Burma kwa miguu. Njiani aliifungua sahani, akavitupa vile vifungo mtaroni kwa hasira. Bwire akaipokea, akaipiga, na wakata nyama wote wakageuka. Ilikuwa safi kabisa.

"Tamu," Bwire akasema. "Lakini sio hii, na ufunguo haurudi." Akamwonyesha simu: mabega ya Kavinya, na mlio wa nyuki. "Mama Nthoki, mamake bibi arusi tutakayempigia, yuko kwenye kundi lao, amenitumia saa hii. Amesema bila nyuki hakuna mtu atacheza."

"Manze, ndio hii hii! Ni mimi napiga hapo!"

"Sikuoni."

Basi Kisilu, pengine kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akasema kweli tupu. Alieleza udaktari, maji ya kunywa, vifungo. Akang'oa hata vifungo vya shati lake akavitia ndani kuthibitisha, lakini vilikuwa vya plastiki, na mandolini ikalia kama kopo la misumari.

Bwire alimtazama kwa huruma. "Kisilu, ulitaka kuiharibu, ikawa tamu zaidi? Hata uongo una heshima yake, msee." Akaomba namba ya Mishi, akampigia mwenyewe. "Mama, kuna Kisilu hapa anadai umemuuzia mandolini leo."

"Kisilu simjui, mwanangu," sauti ya Mishi ikajibu. "Mimi nimemuuzia Daktari Mbaluka."

"Na hauna ingine?"

"Ipo ya ami yangu, sahani ile ile."

"Iko na nyuki?"

Kopo la vifungo likasikika likitikiswa simuni. "Ukifika utawakuta."

Bwire akaiwasha pikipiki ya Kisilu. Kisilu alisimama pale, shati wazi, akapima mambo. Akienda, Mishi atamtambua mbele ya watu, na jina la Daktari Mbaluka halitatibu tena kitu Eastlands nzima. Lakini akitambuliwa, Bwire ataamini, na pikipiki itarudi. Akachagua pikipiki. Akaikumbatia mandolini yake, akapanda nyuma kama abiria.

Bwire hakuondoka. Alinyoosha kiganja bila kugeuka.

"Nauli kwanza."