Ukifungua, Waranti Imekwisha

Thadeus Mwakio hakuwa mwizi. Mwizi huchukua vitu vya watu bila kuongea nao, na Thadeus aliona hiyo ni kukosa malezi. Yeye aliongea kwanza. Aliongea vizuri mpaka mtu akatoa mwenyewe, tena akamsindikiza hadi mlangoni na kumshukuru.

Jumamosi moja mchana alikuwa amekaa kwenye ngazi za ploti ya nyumba za kupanga ya Mzee Josphat huko Kaloleni, Voi, akimngoja rafiki aliyemwahidi chapati. Juu yake, Nthambi wa nyumba namba nne na Mulei wa namba tisa walikuwa wakilalamika kwa zamu. Kila mmoja alikuwa na smart TV kubwa, aliyoilipia polepole mwaka mzima, na sasa zile filamu za kulipia kila mwezi zilikuwa zimepanda bei tena. Mulei alisema TV yake siku hizi anaitumia kuangalia saa. Thadeus akainua macho ukutani, akaona waya mmoja wa intaneti. Mwenye ploti aliuvuta mmoja tu, akauza wifi yake nyumba hadi nyumba. Nyumba kumi na mbili, TV kumi na mbili, wifi moja. Thadeus akasahau chapati.

Aliwahi kufanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, mjini humo, na siku ilipofungwa alipewa kompyuta kuukuu badala ya mshahara wa mwisho. Alijua jambo ambalo wapangaji hawakulijua. Kuna programu ya bure kabisa ambayo ukiiweka kwenye kompyuta iliyojaa filamu, kompyuta hiyo inakuwa seva, na TV yoyote iliyo kwenye wifi hiyo hiyo inaziona filamu zote na kuzicheza. Kompyuta moja ingetosha ploti nzima. Mtu mwaminifu angewaambia majirani wachange, wanunue moja, waitumie pamoja. Thadeus aliliwaza hilo kwa muda wa kuvuka barabara, kisha akaliacha upande ule mwingine.

Alinunua maboksi meusi kumi na moja ya plastiki. Ndani ya kila boksi aliweka taa ndogo ya kijani na jiwe aliloliokota kando ya barabara kule Maungu. Jiwe lilikuwa muhimu, kwa maana hakuna anayelipa pesa nzuri kwa kitu chepesi. Juu akabandika karatasi iliyochapwa vizuri: UKIFUNGUA, WARANTI IMEKWISHA.

"Shika mwenyewe," alimwambia Mulei. "Sikia uzito."

Mulei alilipokea boksi kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga. Aliuliza kama filamu zote zile ziliingia humo. Thadeus akamwambia zote, na nafasi imebaki. Zilitoka wapi, Mulei hakuuliza, na sisi pia tuna adabu zetu.

Baada ya wiki mbili maboksi yote kumi na moja yalikuwa yamepata makao, kila moja likiwaka taa yake chini ya TV na kufanya kazi ya jiwe. Wala Thadeus hakuogopa kwamba yatafunguliwa. Alikuwa na imani moja maishani, na aliishika kuliko wengine wanavyoshika dini: mtu hafungui kitu anachoogopa kukipoteza.

Ile kompyuta yenyewe aliificha kwa Mama Mkamburi, nyumba namba moja. Alimchagua kwa sababu tatu. Alikuwa mstaafu anayeshinda nyumbani, tokeni zake za stima haziishi hata siku moja, na hakuwa mtu wa maswali. Alimwambia seva yake ni kubwa kuliko za wengine kwa sababu ni zawadi ya heshima, ila isizimwe kamwe. Kwenye sababu mbili za kwanza, Thadeus hakukosea.

Kitu ambacho hakukiuliza ni kazi aliyostaafu. Mama Mkamburi alikuwa opareta wa simu hapo Voi miaka ishirini na sita, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa Wundanyi unamwomba yeye akuunganishe. Alishinda mbele ya bodi iliyojaa waya, akijua nani anampigia nani na kwa nini.

Haikuchukua siku nyingi akaanza kuisikiliza ile zawadi yake. TV yake ikiwa imezimwa, saa nane mchana, feni ya kompyuta ilivuma kama gari lililopandishwa mlima. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, ilinyamaza. Alasiri moja akasogea, akazima soketi, akatega sikio. Kupitia ukutani akamsikia Nthambi akisema aah. Juu, Mulei akaita jina la Thadeus. Nyumba baada ya nyumba ploti ikaguna. Mama Mkamburi akawasha tena soketi, akatabasamu peke yake. Alikuwa ameletewa bodi ya simu nyumbani, bure, ila stima analipa yeye.

Kesho yake akaenda kwa Nthambi kuomba chumvi, akajifanya anapangusa vumbi kwenye boksi, akaliinamisha kidogo. Kitu kikabingirika ndani. Hakulifungua. Alirudi na chumvi yake.

Kisha akamwita Thadeus kwa chai. Alimwambia ana video ya kwaya ya akina mama wa kanisani, angependa kuiona kwenye TV. Thadeus akaiweka kwenye seva. Mama akauliza ile picha ya juu inayotangaza filamu mtu anaibadilisha vipi, na jina lake je. Thadeus akamwonyesha. Akauliza tena, mwizi akilijua neno la siri, mwenye mali anafanyaje. Thadeus, akiwa na mandazi mdomoni, akamfundisha hatua kwa hatua jinsi ya kulibadilisha. Alimwonea huruma kidogo, mama wa watu, uzee na mashine.

Alikuwa na haraka ya kuondoka, nayo ilikuwa na sababu. Mzee Josphat alikuwa amesikia habari za maboksi. Alikuwa na ploti nyingine tatu, na alipiga hesabu kwamba akiweka seva kila nyumba atapandisha kodi bila kupaka hata rangi. Alitaka maboksi arobaini, kwa malipo ya mbele. Na hapo ndipo moyo wa Thadeus ulipokuwa. Mjomba wake alimpa kipande cha shamba karibu na Ziwa Chala, na misimu miwili mfululizo nyanya zake zilikauka huku ziwa lipo pale pale. Pesa ya Josphat ingenunua pampu na mipira ya maji. Watu wa Kaloleni wakija kufungua maboksi, yeye angekuwa mkulima kule mpakani, mtu mwingine kabisa. Aliitaka pampu ile mpaka akawa anaiota.

Jumamosi saa tisa alikuwa sebuleni kwa Josphat, kwenye nyumba kubwa iliyo mbele ya ploti, akitumia wifi ile ile. Lois, mkewe Josphat, alikuwa ameleta soda. Thadeus akaweka boksi jipya mezani, akawashikisha uzito, akabonyeza rimoti. Picha za filamu zikajipanga kwenye TV, safu baada ya safu. Josphat akaguna kwa kuridhika, akatoa simu yake ili atume pesa.

"Hii filamu nayo ni ya Kitaita?" Lois akauliza.

Katikati ya safu ya juu kulikuwa na picha mpya. Ilikuwa ya jiwe, limewekwa juu ya kitambaa cha kufuma, kile cha meza ambayo Thadeus aliwahi kunywea chai. Chini yake pameandikwa: JIWE LA THADEUS.

"Imebeba jina lako," Josphat akasema. "Fungua tuone."

Thadeus akaficha rimoti nyuma ya mgongo. Akasema ni filamu ndefu, ya huzuni, haifai mchana. Simu yake ikalia.

"Opareta hapa," ilisema sauti ya Mama Mkamburi, tulivu kabisa. "Nikuunganishe na nyumba zote, ama tuongee sisi wawili kwanza?"

"Sisi wawili, mama."

"Vizuri. Ploti nzima inajua biashara yenu ya leo. Josphat ameshatuma pesa?"

"Bado."

"Basi msomee namba yangu. Polepole, mwanangu. Huwa anakosea pale kwa saba."

Thadeus akamsomea namba. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo, na pale kwa saba akarudia mara mbili. Pesa ikaenda. Pampu ikaenda nayo.

Masharti aliyapewa jioni hiyo, juu ya kitambaa kile kile. Pesa ya Josphat itanunua kompyuta za kweli, moja kwa kila ploti badala ya yale maboksi arobaini, na Thadeus atazifunga. Majirani wa hapa hawataambiwa kitu, ila hawatatozwa hata senti nyingine. Yeye atakuwa fundi wao, aje kila akiitwa, kwa chai na chakula cha mchana. Akitoroka, Mama Mkamburi ataicheza ile filamu kwenye kila sebule ya Kaloleni. Thadeus hakuuliza ndani yake mna nini. Alijua mwenyewe alichofanya, na hakutaka kukiona.

Akafanya kazi miezi mitatu. Alipanda ngazi, alivuta waya, alitengeneza TV ya Mulei mara nne, na Mulei alimshukuru kila mara mpaka Thadeus akaanza kuona aibu ya kweli, kitu ambacho hakuwa amekizoea.

Mwezi wa tatu ukielekea kuisha, Mama Mkamburi alikwenda sokoni kununua ndizi, akamwacha akipangusa vumbi kwenye matundu ya feni ya kompyuta, yenyewe ikiwa bado inafanya kazi. Rimoti ilikuwa kwenye kochi. Thadeus aliitazama muda mrefu. Akafunga mlango, akakaza roho, akaifungua filamu.

Wanawake ishirini waliovaa lesso za aina moja wakatokea kwenye TV wakiimba. Thadeus akasubiri. Waliimba ubeti wa pili. Akasogeza mbele, akakuta ubeti wa nne, halafu makofi, halafu mwisho. Ilikuwa video ya kwaya, ile ile aliyoiweka yeye mwenyewe akila mandazi.

Mama Mkamburi akaingia na mkungu wake mdogo, akaona TV.

"Mama," Thadeus akasema, "kumbe humu hamna kitu."

"Nilijua hutafungua," akajibu, akiweka ndizi mezani. "Wewe ulishawafundisha watu wote hapa wasifungue, ukajifundisha na wewe. Sasa umefungua, waranti imekwisha. Nenda zako Chala ukitaka."

Thadeus akatazama mlango, ambao kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyemfungia. Juu, Mulei akaanza kumwita, TV yake imekwama tena.

"Lakini umalize kwanza hiyo feni," Mama Mkamburi akasema, na Thadeus akaokota brashi.