Nafasi ya Mama Kwenye Makaburi ya Waswidi

Jumatatu, 2 Novemba

Karamu ya Chama imepita na bado roho inaniuma. Chama cha Wazao wa Meli ya Kwanza, jina lenyewe tu linanikera. Meza hupangwa kwa meli. Wazao wa meli ya kwanza karibu na moto, wa meli ya pili nyuma yao, na kuendelea. Mimi nikawekwa meza ya wageni, kando ya mlango wa jikoni, pamoja na fundi aliyekuja kurekebisha kinanda. Supu ya njegere ilitufikia imepoa. Kisha ile desturi yao: kila mmoja anasimama, anataja jina la babu yake aliyekuja kuanzisha koloni la Uswidi Mpya hapa mtoni Delaware, na wenzake wanagonga meza kwa vijiko. Mimi nilibaki na kijiko changu mkononi. Hakuna mtu ukumbini mle anayewajua walowezi wale kama mimi. Najua nani alimwibia nani ng'ombe. Lakini si mzao. Yaani ni mzao, ila sijathibitisha.

Merritt Stallcup, mwenyekiti, alipita akaniuliza kama nimeshiba. Kwa sauti ya mtu anayelisha paka wa jirani.

Leo asubuhi daktari wa nyumba ya wazee kanipigia simu. Mapafu ya Mama yamechoka. Krismasi haioni. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kisha nikakumbuka kanuni ya Chama: ambaye mzazi wake amezikwa kwenye uwanja wa kanisa la zamani la Waswidi anakuwa mwanachama moja kwa moja, bila kuulizwa swali.

Nikaacha kulia.

Jumanne, 3 Novemba

Nimekwenda kumwona Mama. Mdogo kitandani, kama nguo zilizosahauliwa. Nikamweleza kwa upole mpango wangu wa kumlaza uwanja wa kanisa. Hautaki. Anataka makaburi ya manispaa, mkono wa kushoto wa Baba, mahali walipopanunua wawili wakiwa bado vijana. Alisema amelala kushoto kwa mume wake tangu siku ya harusi, na upande mwingine hapati usingizi.

Nilimkumbusha kwamba kwao ni akina Tull, na kwamba bibi yake alikuwa akisimulia jinsi Tull wa kwanza alivyomwoa Brita, binti wa Anders Larsson, fundi wa mapipa, meli ya kwanza kabisa. Mama akasema, "Bibi alisema mengi, mwanangu. Alisema pia kuku wake wanaijua Jumapili."

Kisha akanishika kidole, si mkono, kidole tu, akaniomba nimwahidi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamlaza pazuri. Akasema, "Kushoto." Nikasema ndiyo, Mama.

Nililisema neno lile nikilimaanisha. Nataka liandikwe hivyo.

Jumatano, 4 Novemba

Bahati imeniangukia! Fay Yarnall amefariki.

Mume wake, Cletus, ni mzao halali wa meli ya kwanza na ana nafasi yake kwenye uwanja wa kanisa. Lakini Fay alitoka Ohio. Chama hakimziki mtu wa Ohio. Na makaburi ya manispaa yamejaa, imebaki sehemu mpya tu, pale karibu na jalala, ambapo ndege weupe hawatulii. Nilimkuta Cletus amekaa jikoni na koti lake, jiko halijawashwa. Nikampa pole. Nikamwachia muda wa kufuta macho. Halafu nikamwambia ninayo nafasi safi, chini ya msonobari, kando ya Baba yangu, mtu mtulivu asiyekoroma. Fay akae pale. Yeye anipe ile ya kanisani kwa ajili ya Mama.

Akauliza kama Mama ameridhia. Nikasema Mama anapenda kusaidia watu.

Alinikumbatia. Harufu ya nguo ambazo hakuna wa kuzifua tena. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya posta.

Ijumaa, 6 Novemba

Mazishi ya Fay. Mvua. Wamemlaza kushoto kwa Baba. Nilisimama nikatazama mbali, maana Baba hakuwahi kuelewana na Fay. Alimwita king'ora. Nikajipa moyo: Baba ana miaka mingi ya kumzoea.

Nikaenda moja kwa moja kwa Merritt na karatasi iliyotiwa saini na Cletus. Akaisoma taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Akasema sawa, nafasi inaweza kuhamishwa, ila kwa mzao tu. Mama lazima athibitishwe.

Nikamwambia kuhusu jiwe. Liko ukuta wa kaskazini wa kanisa, la mchanga mwekundu, kaburi la Anders Larsson mwenyewe. Jina lake linasomeka. Chini yake kuna mstari uliofunikwa na kuvu, na kwa kupapasa naamini unasema: na binti yake Brita, mke wa Tull. Merritt akasema watu wawili wa kamati waje wauone kwa macho yao. Picha haikubaliki, kwa sababu ya jambo fulani la mwaka juzi ambalo sitaki kulirudia hapa. Watakuja Jumapili baada ya ibada.

Mlangoni akaniita. "Bwana Pruitt, lile jiwe ni laini. Maji matupu na brashi ya manyoya laini. Usiongeze kitu."

Nimemwelewa. Ananichelewesha, ili Jumapili ifike mstari haujasomeka. Anadhani mimi mtoto.

Jumamosi, 7 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Nilianza na maji na brashi ya manyoya laini, kama alivyosema. Kuvu halikubanduka hata kidogo. Nikapaka povu la kunyolea, ili lijaze herufi. Likajaza kila kitu. Nikamimina dawa ya kusugulia choo. Ikachemka kidogo, ikatoa moshi, na nikaiona T. Ilikuwa T kabisa! Basi nikachukua brashi ya waya ninayosafishia jiko la nyama.

Kuvu likaanza kutoka. Nikasugua. Herufi zikatokea moja moja, safi, kama zilizochongwa jana: Brita. Mke wa. Tull. Nikapiga magoti kwenye matope. Nilimwona Mama ameketi karibu na moto, na mimi nimesimama, nataja jina, vijiko vinagonga. Nilikuwa sahihi. Bibi alikuwa sahihi. Labda hata wale kuku.

Kisha uso wa jiwe ukatoka.

Sijui niseme vipi tena. Ulitoka mzima, kama ganda la mkate, ukateleza, ukagonga ukingo wa kaburi na kuwa mchanga. Jina la Anders pia. Nyuma yake jiwe jekundu tupu, laini, halijawahi kuandikwa kitu. Zaidi ya miaka mia tatu lilistahimili theluji na mafuriko ya mto. Mimi sikuhitaji hata mchana mzima.

Nimekusanya vipande kwenye ndoo. Nimejaribu gundi. Nimejaribu uji wa unga wa ngano. Sasa nina ndoo ya uji mwekundu.

Jumapili, 8 Novemba

Kamati imekuja. Merritt na mwanamke mmoja mzee wa meli ya pili. Nilikuwa nimefunika jiwe kwa koti langu na nimepanga kusema kwamba ni radi. Mwanamke yule akanusa, akasema radi haina harufu ya choo.

Merritt aliliondoa koti mwenyewe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua kofia, akachuchumaa, akaweka kiganja pale jina lilipokuwa. Akasema kila mwaka baba yake alimleta hapa siku ya kuzaliwa kwake ili alisome kwa kidole. Anders Larsson alikuwa babu yake pia, kwa mtoto wa kiume.

Nikaona mwanga. Nikamwambia kama ni hivyo, basi sisi ni ndugu.

Akaniangalia, macho mekundu. "Thibitisha," akasema.

Nikamwonyesha ndoo.

Jumanne, 10 Novemba

Balaa limekuja na maua. Cletus, kwa wema wake wa kipumbavu, amekwenda nyumba ya wazee kumshukuru Mama kwa kumpa Fay nafasi yake. Muuguzi anasema Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampokea maua, akamwambia hakuna shida, karibu tena.

Nilipofika alikuwa amegeukia ukutani. Nikaeleza yote, jiwe, kamati, nia yangu njema. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo sasa Fay Yarnall ndiye aliyelala na mume wangu?" Nikasema ukiliweka hivyo linasikika vibaya. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka muuguzi akanitoa nje.

Kupitia mlangoni nilimsikia akimwambia muuguzi kwamba hana hasira, amechoka tu, na kwamba angependa kujua atalala wapi.

Nilisimama kwenye ujia. Nimeona aibu leo, aibu ya kweli, ya kushuka mpaka miguuni.

Alhamisi, 12 Novemba

Mama amefariki alfajiri. Sikuwepo. Nilikuwa nimesinzia mezani juu ya vipande vya jiwe nilivyovichuja kutoka kwenye ndoo, baada ya usiku wa kutafuta herufi za Brita. Nilikuwa nimepata B, au huenda ni ukucha wangu.

Nyumba ya wazee imenipa miwani yake, soksi zake na yale maua ya Cletus. Nimelia kwenye gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Sina wa kunifokea tena. Nilidhani nitaona nafuu.

Ijumaa, 13 Novemba

Cletus amekuja, amesimama uani, hataki kuingia. Amesema hajalala. Amezungumza na mchungaji na manispaa: wanaweza kumhamisha Fay. Atampeleka ile sehemu ya jalala, na yeye atamfuata huko siku yake ikifika, hao ndege watawazoea. "Mrudishe mama yako kwa mumewe, ndugu yangu. Hivi si vizuri." Anachotaka ni karatasi yake tu, nafasi yake ya kanisani imrudie hata kama hatailalia, mambo yarudi yalivyokuwa.

Machozi yalinitoka. Nilimshika mkono. Hakuna mtu aliyewahi kunitendea wema kama huu.

Nikamwomba anipe hadi mwisho wa juma nifikirie.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimefikiri. Nimemwambia Cletus hapana.

Hakunielewa, maskini. Alirudi nyumbani bila kuaga. Lakini mtu lazima aangalie mbele. Jana, nikipitia daftari zangu, niligundua kwamba Brita alikuwa na dada, Karin, aliyezikwa ng'ambo ya mto, upande wa New Jersey. Jiwe la mchanga mwekundu, limejaa kuvu, halijasomwa na mtu. Watu wale waliandikana kwenye mawe ya wenzao. Kwa nini Karin asimtaje Brita, na Brita na Tull wake? Nikirudisha karatasi ya Cletus sasa, nitathibitisha ukoo halafu sina pa kumweka Mama. Ungekuwa ujinga.

Nyumba ya mazishi haikukubali kumweka mpaka nipate jibu, kwa hiyo imebidi achomwe. Wamenikabidhi majivu kwenye mkebe wa bati, mzito kuliko nilivyotarajia. Ni mpaka majira ya kuchipua tu, nikishalisoma jiwe la Karin. Nimemweleza hivyo, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale jikoni.

Leo nimepita dukani nikanunua brashi mpya ya waya, ngumu zaidi. Merritt alikuwa kwenye foleni. Aliitazama brashi, akanitazama mimi, akaacha mkate wake kaunta akatoka.

Mama yuko kabatini na picha ya Baba. Nimemweka kushoto.