Kibanda Chini ya Ngazi za Umeme

Duka kubwa lililokuwa roho ya lile jengo la maduka lilipofungwa, watu walipita wakisikitika. Injinia alipita akatabasamu. Uinjinia wenyewe, jamani, ulikuwa kofia ngumu ya njano na futi ya kupimia tu. Lakini nani amewahi kumuuliza mtu anayepima ukuta katumwa na nani? Hata mlinzi alimshikia ncha ya futi.

Alikuwa na haraka. Dada yake, aliyemlaza kwenye kochi mwaka mzima, alikwisha kumtamkia: "Mwezi ukiisha hujahama, utalikuta begi lako nje."

Basi akaanza kuligawa duka. "Linakarabatiwa, ndugu yangu! Vibanda vya kisasa. Wewe nakuweka hapa chini ya ngazi za umeme, wateja wakishuka wanakuangukia mikononi." Fundi cherehani akatoa kishika uchumba. Muuza viatu akatoa. Kinyozi akatoa. Wote waliuziwa mahali palepale, na kila mmoja akaapa kutowaambia wenzake, maana kila mmoja alijiona ndiye mjanja.

Kisha akaja Mama Mawigi na mkoba uliotuna.

"Mwanangu, mimi nataka ghorofa nzima. Ila hizi ngazi zimekufa. Nikiziona zinatembea, nakukabidhi mkoba huu."

"Mama, hilo dogo!"

"Mdogo wangu huyu hapa ni fundi wa ngazi. Mpe hela ya vipuri."

Mate yakamjaa Injinia mdomoni. Akampa fundi fedha zote alizokusanya. Fundi akainama, akagongagonga, akapandisha swichi. Ngazi zikanguruma, zikaanza kupanda. Mama Mawigi akapanda nazo, mdogo wake nyuma, wakipunga mikono. Injinia naye akawapungia, kisha akangoja washuke. Alingoja sana. Huko juu kulikuwa na mlango wa kutokea barabara ya nyuma.

"Mungu wangu! Nimeibiwa mimi? Mimi?"

Ngurumo ile ikawaita wapangaji wake watatu, wakidhani duka limefunguliwa. Wakaingia mbio na vyombo vyao, wote wakaelekea mahali pamoja, matusi yakaanza. "Yuko wapi Injinia? Leo atatutambua!"

Injinia alikuwa kwenye dirisha la maonyesho, kasimama wima katikati ya masanamu ya kuvalisha nguo, mkono mmoja juu, hapumui.

Kelele zikaleta wateja. Fundi cherehani, mtu asiyependa kupoteza siku, akaanza kuuza chochote walichovalishwa masanamu. Koti la Injinia likaenda. Shati likaenda. Injinia akakaza shingo.

Mara akatokea dada yake na kikapu. Akasimama mbele ya sanamu hili linalotoka jasho, akalitazama usoni kwa muda.

"Dada," Injinia akanong'ona bila kufungua meno, "niokoe. Nirudishe nyumbani."

Dada akamgeukia fundi cherehani.

"Na hii suruali bei gani? Mume wangu ana kimo hikihiki."